Kupura Pasipo Uwele

Selina alinichukua siku mbili na usiku mmoja kumzaa, na alipotoka akaondoka na mguu wangu wa kulia. Nasema hivyo kwa utani sasa. Wakati ule sikucheka. Paja lilikuwa zima, goti zima, lakini unyayo ulikuwa haunyanyuki. Kila nikipiga hatua vidole vilining'inia na kuchora mstari mavumbini, na mtu angeweza kunifuata kutoka nyumbani mpaka kisimani kwa kuufuata mstari ule tu, kama wa mtu aliyepita akiburuta kuni.

Dresa, msaidizi wa daktari pale zahanati, aliugongagonga mguu kwa kidole akasema mshipa ulibanwa na kichwa cha mtoto. "Mguu utarudi, Mama Selina. Lakini uufanyishe kazi. Ukiulaza, na wenyewe utalala."

Ningeweza kungoja urudi kwa wakati wake. Shida ilikuwa kozi.

Kwa miaka miwili nilikuwa nimesoma kisomo cha jioni kwa Mwalimu Samweli, katika chumba cha kanisa pale Unyambwa, watu kumi na wanne kwa taa moja ya chemli. Nilianza sijui hata herufi ya jina langu. Nilipomaliza, wanawake wenzangu walikuwa wakija kwangu niwaandikie waume zao walioko mashamba ya mkonge. Mwaka ule serikali ikatangaza kwamba kila kijiji kitoe mwanamke mmoja, aende chuo cha Kinampanda majuma sita, arudi awafundishe wenzake kusoma. Mwalimu Samweli aliandika jina langu, Raheli mke wa Kefa, wala hakuniuliza, kwa sababu alijua jibu.

Sharti lilikuwa moja. Mwalimu huyo atatembea kijiji kwa kijiji, kwa hiyo awe mzima wa mwili, na uzima wake uthibitishwe kwa kadi ya mazoezi kutoka Ukumbi wa Welfea mjini, jumba la serikali la ustawi wa watu. Kadi iwe na mihuri kumi na miwili, muhuri mmoja kwa kila siku ya mazoezi, na ifike bomani, kwenye ofisi za serikali, kabla Julai haijaisha.

Mama mkwe wangu, ambaye watu humwita Mama Kefa, alikuwa akichambua mboga niliposoma tangazo kwa sauti.

"Mazoezi ni nini?" akauliza.

"Ni kuufanyisha mwili kazi, mama."

"Kazi gani?"

"Si kazi yenyewe. Ni kama kazi."

Akatupa jani bovu kando. "Na kazi yenyewe iliyoko hapa nyumbani atafanya nani, ukienda kufanya ile iliyo kama kazi?"

Nilimjibu kwa adabu kwamba serikali imesema ukumbi. Moyoni nilimwona hajui. Mimi nilikuwa nimesoma, nami niliamini kwamba kitu chenye kadi na muhuri lazima kiwe bora kuliko kisicho navyo. Naandika haya ili nisijisafishe.

*

Kutoka kwetu mpaka mjini ni maili nne. Kwa mguu ule nilitumia saa mbili, nikiuinua kwa goti kama jogoo anayevuka matope. Ukumbini kulikuwa na sakafu ya mbao, ngazi zilizopigiliwa ukutani zisizokwenda popote, mipira, kamba, na Bibi wa Welfea mwenye filimbi shingoni. Alikuwa mke wa mkubwa mmoja wa serikali. Hakuwa mkali wa sura. Alikuwa na uso mwekundu wa mtu anayejua kwamba anatenda mema. Pembeni yake alisimama Sara, binti wa kwetu aliyesomea misheni, akitafsiri.

La kwanza tuliloambiwa ni kwamba watoto hawaingii. Selina alikuwa na miezi minne. Ilibidi nimrudishe nyumbani siku ile bila muhuri, na kuanzia safari ya pili nikawa namwachia mama mkwe. Mama anayenyonyesha ataelewa ninachosema: saa mbili kwenda, saa moja ukumbini, saa mbili kurudi. Mara ya kwanza nilirudi gauni limelowa kifuani mpaka kiunoni, na mtoto amelia mpaka sauti imekauka. Nilikwenda kuimarishwa mwili, na mwili ulikuwa unalia kwa mtoto.

La pili ni hotuba. Sara alitafsiri macho yakiwa sakafuni.

"Bibi anasema, wanawake wa Singida, miili yenu imelegea. Anasema ni kwa sababu nyumbani mnakaa tu, hamna mazoezi."

Tulikuwa wanawake kumi na wanane. Nyuma yangu alisimama Anastazia, mwanamke mnene wa Kiniramba aliyeolewa mjini, mwenye ulimi usiolala.

"Dada Sara," akasema taratibu, "muulize Bibi, kukaa kwenyewe kunaanza saa ngapi? Mimi leo nimesaga, nimechota ndoo sita, nimepasua kuni, nimelima palizi. Labda nimepitwa na saa ya kukaa."

Sara hakutafsiri hilo. Bibi akatabasamu, akapuliza filimbi, tukaanza kutembea pale pale tulipo. Ndivyo ilivyo, kutembea pasipo kwenda. Mimi niliyetoka kutembea maili nne na mguu mmoja na nusu niliambiwa ninyanyue magoti pale pale, moja mbili, moja mbili. Bibi aliponiona unyayo unaning'inia aliniondoa mstarini.

"Anasema unaharibu mstari," Sara akaninong'oneza. "Ukae kwenye benchi uwatazame wenzako. Muhuri utapata."

Nikakaa. Ndiyo, nilipata muhuri kwa kukaa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu mpaka ya tano, nilikaa kwenye benchi, hatua kumi na nane kutoka kwenye ngazi za ukutani ambazo zingeufaa mguu wangu kuliko kitu chochote mle ndani. Nilipoomba kuzishika niliambiwa ni za wanaume, siku ya Jumamosi. Mihuri ikaongezeka kwenye kadi, mguu ukabaki vile vile. Nami, kwa aibu naandika, niliitazama kadi nikafurahi.

*

Siku ya sita Bibi alikuja na fimbo. Zilikuwa nzuri, nyepesi, zimepigwa randa, urefu wa mkono na nusu. Alitupanga mistari miwili, uso kwa uso. Safari hii nami niliitwa, maana zoezi lilikuwa la mikono. Kwa kuwa baadaye tungejilaza chini, Sara alikuwa ametandaza mkeka mrefu wa katani katikati yetu.

"Anasema mnyanyue fimbo juu, halafu mteremshe kwa nguvu. Juu, chini. Kwa pamoja."

Nataka msomaji wa mbali anielewe hapa. Kwetu, mwezi wa sita na wa saba ni miezi ya kupura uwele. Masuke hutandazwa juu ya uwanja uliosilibwa kwa samadi, wanawake husimama mistari miwili uso kwa uso na fimbo mikononi, mstari huu ukipandisha ule unashusha. Tumeanza kuifanya kazi hiyo tukiwa wasichana. Mwanamke wa kwetu akipewa fimbo, akapangwa mkabala na mwenzake, na kitu kimetandazwa kati yao, haulizi.

Bibi alipuliza filimbi. Mstari wetu ukapiga mkeka.

Hatukukusudia. Ukatoka mlio mmoja mzito, na vumbi. Mstari wa pili ukajibu. Anastazia akaanza kuguna ile sauti ya kazi, hm-hee, hm-hee, tukaifuata. Mabega yakalegea, nyuso zikachangamka, na kwa mara ya kwanza tangu niingie ukumbi ule nilisikia kwamba watu waliomo ni wazima. Mkeka ulikuwa wa zamani, ukatoa vumbi la miaka yote. Filimbi ilipigwa, lakini nani husimamisha kupura kwa filimbi? Tulisogea kando kwa kando kama inavyotakiwa, tukaufuata mkeka mpaka mwisho, tukaugeuza upande wa pili.

Fimbo ya mtu ikakatika. Kipande kikaruka, kikavunja kioo cha dirisha.

Tukasimama. Bibi alikuwa mweupe kabisa usoni, na nywele zake zilikuwa na vumbi. Alisema maneno mengi ya haraka. Sara akatafsiri.

"Anasema mmemdhihaki."

"Mwambie tumepura," Anastazia akasema.

"Nimemwambia. Anasema hakuna nafaka hapa."

"Ndilo tulilokuwa tunashangaa na sisi."

Hapo mtu mmoja akacheka, na kicheko kile kikatuponza. Bibi akauliza nani kiongozi wa fujo. Hakuna aliyejibu, kwa kuwa hakukuwepo. Akapitisha macho mstarini mpaka yakanifikia, akasema kitu.

"Anasema ni wewe," Sara alisema polepole. "Kwa sababu wewe ndiye unayejua kusoma na kuandika. Wengine wasingeweza kupanga jambo kama hili."

Nimepata kutukanwa katika maisha yangu. Nimeitwa kilema njiani na watoto waliokuwa wakichunga. Lakini siku ile nilitukanwa mara mbili kwa sentensi moja. Wenzangu waliambiwa hawana akili, na mimi niliambiwa kwamba akili yangu, niliyoitafuta usingizi ukinibeba mbele ya taa ya chemli, ni ya fitina. Bibi alinyoosha mkono. Nilimpa kadi. Akaiweka ndani ya kitabu chake, na kitabu ndani ya mkoba.

Nilirudi nyumbani bila kuhesabu maili.

*

Kefa, mume wangu, anafanya kazi ya barabara, na ni mtu anayependa mambo yaishe. Alisikiliza yote, Selina amelala kifuani pake.

"Nenda ukaombe radhi, Mama Selina. Neno moja tu. Kozi ni yako."

"Radhi ya nini?"

"Ya chochote. Wao hawaulizi ya nini."

"Basi nenda wewe ukaombe, maana unaijua."

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa mlangoni akisuka ungo, alicheka kidogo puani. Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza ukumbini.

"Hebu nionyeshe huo mguu unavyokataa."

Nikatembea mbele yake. Aliutazama kama anavyomtazama ndama anayechechemea, bila huruma na bila haraka.

"Kesho tunapura kwetu," akasema. "Utasimama mstarini, karibu yangu."

"Mama, nitaharibu mstari."

"Mstari wa kupura hauharibiki. Utakucheka tu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Katika kupura mtu hasimami mahali pamoja. Mstari husogea kuuzunguka uwanja, na kila hatua unakanyaga juu ya mabua yaliyolala. Mwenye mguu mzima hanyanyui unyayo kwa kufikiri, lakini mwenye kuburuta hunasa mabua vidoleni na kwenda nayo. Siku ya kwanza nilikusanya mabua mengi mguuni hata jirani mmoja akasema, "Raheli amekuja kutufagilia uwanja." Wakacheka wote, nami nikacheka nikilia. Kila nilipoburuta, mama mkwe alinigonga kisigino kwa ncha ya fimbo, kidogo tu.

"Juu," alikuwa akisema. "Vidole juu. Unamkanyagia nani uwele?"

Selina alilala kwenye ngozi ya ng'ombe kivulini mwa ukuta. Alipolia niliacha fimbo, nikakaa, nikamnyonyesha, nikarudi. Mstari ulinipokea pale pale uliponiachia. Hakuna aliyepuliza filimbi.

Kwetu hakuna anayepura peke yake. Leo kwako, kesho kwa mwenzako. Tulimaliza kwetu tukaenda kwa jirani, kisha kwa jirani wa jirani, viwanja tisa kwa majuma matatu. Kutoka boma la nyumba moja mpaka jingine nilitembea nao, fimbo begani, mtoto mgongoni. Jioni mama mkwe alinipandisha juu ya paa bapa la udongo la tembe yetu nikaanue masuke yaliyobaki, apande nani mwingine, alisema, na yeye magoti yamezeeka. Nilijua magoti yake hayana kitu.

Katika uwanja wa sita niliona kidole gumba kimenyanyuka. Nilikuwa nimekaa namnyonyesha Selina, nikakitazama mguuni kana kwamba ni cha mtu mwingine. Nikakiambia kishuke, kikashuka. Nikakiambia kipande, kikapanda. Sikumwita mtu. Nilimwonyesha Selina peke yake, naye akaendelea kunyonya.

Siku za mwisho wa Julai njia yangu ya kisimani ilikuwa haina mstari tena. Lakini kadi sikuwa nayo.

*

Zilikuwa zimebaki siku nne Julai iishe, gari la Bibi wa Welfea lilipoingia Unyambwa. Nilikuja kujua kwamba ukumbi ulibaki mtupu. Baada yangu Anastazia aliacha kwenda, na wengine wakaacha, si kwa kunipigania hasa, ila uwele ulikuwa umeiva nao walikuwa na wa kwao wa kupura. Anastazia mwenyewe siku ile alikuwa nasi mstarini, amekuja kutusaidia kiwanja cha tisa ili apewe debe lake la uwele.

Bibi alishuka na Sara, akasimama pembeni ya uwanja. Hatukuacha kazi. Alitazama mistari miwili, fimbo juu, fimbo chini, miguu ikivuka mabua. Nikaona midomo yake ikianza kuhesabu, moja mbili, moja mbili, na uso wake ukageuka. Akaniona. Akautazama mguu wangu. Akamwita Sara haraka haraka.

"Anasema hiki ni kitu kizuri sana," Sara akasema. "Anauliza nani amewafundisha."

Anastazia aliinama akaokota suke, akalitazama. "Nishikilieni," akasema, "nisije nikajibu."

Bibi akatoa kamera, akatupiga picha. Hapo mama mkwe alitoka mstarini, akamwendea, akampa fimbo yake.

"Shikamoo hatudai, maana ni mgeni," akamwambia Sara. "Lakini mwambie hapa hatuna nafasi ya watazamaji."

Nitamtendea haki Bibi: aliipokea. Alisimama mkabala na Anastazia, akapura. Mapigo ya kwanza alichelewa, kisha akaanza kuingia. Alifika labda mia moja, akasimama akishika kiuno, akafungua viganja akavitazama. Vilikuwa vimetoka malengelenge. Nilidhani ameelewa, na labda wakati ule alikuwa ameelewa kweli.

Kisha akafungua mkoba, akatoa kadi yangu na kibweta cha muhuri, akaweka kadi juu ya boneti la gari. Akagonga muhuri mara saba mfululizo. Kumi na miwili ikatimia. Sara akajaza nafasi zilizobaki, akanipa.

Niliisoma. Jina langu. Mzima wa mwili, ndiyo. Mahali pa mazoezi: Ukumbi wa Welfea, Singida.

"Sara, hapa umekosea."

"Wapi?"

"Mahali. Mguu huu haukuponea ukumbini. Ukumbini nilikaa kwenye benchi mpaka nikafukuzwa. Andika Unyambwa."

Akanisogelea. "Raheli, chukua tu. Kadi ni kadi. Ukimkorofisha tena sasa hivi atairudisha mkobani."

Nilijua ni kweli. Nilifikiri juu ya Kinampanda, na wanawake wanaoniletea barua nizisome na kukaa mbele yangu wakiutazama mdomo wangu, wasijue kama nawaambia yote. Nilifikiri pia juu ya ncha ya fimbo kisiginoni mwangu, majuma matatu. Mama mkwe hajui kusoma. Asingejua kamwe kilichoandikwa pale. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote, kwamba ingekuwa rahisi kiasi hicho.

"Nipe kalamu," nikasema.

Nilipiga mstari juu ya neno Ukumbi, nikaandika kwa mwandiko wangu wa kisomo cha jioni: Uwanja wa kupuria wa Mama Kefa, Unyambwa. Bibi alimuuliza Sara nimeandika nini. Sara alinitazama, akamtazama, akasema maneno mawili matatu. Sijui alimwambia nini mpaka leo. Wakaondoka.

*

Bomani kuna ngazi saba za mawe, ndefu, zilizojengwa kwa miguu ya wanaume. Karani mpokeaji alikuwa Melkizedeki, kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Kadi imeharibiwa," akasema. "Nani amekata hapa?"

"Mimi."

"Hairuhusiwi. Siwezi kuamini kadi iliyokatwa. Nitajuaje kwamba wewe ni mzima?"

"Ndugu karani, umeniona nikiingia?"

"Nimekuona."

"Nje kuna ngazi saba. Nimetoka Unyambwa kwa miguu tangu jua halijachomoza, na huyu mtoto mgongoni. Je, kuna mtu umemwona akinibeba?"

Watu waliokuwa wakingoja kwenye benchi walianza kugeuka. Mzee mmoja akasema kwa upole, "Mwanangu, mwandikie huyu mama, na sisi tuna shida zetu." Melkizedeki akaitazama kadi tena, akaitazama miguu yangu yenye vumbi sawasawa pande zote mbili. Akaandika. Nikaenda Kinampanda, na Selina mgongoni, maana safari hii nilisoma masharti yote kwanza, na hakuna palipoandikwa kwamba watoto hawaingii.

Sasa nafundisha wanawake ishirini na watatu katika vijiji vitatu, navifikia kwa miguu. Kwa hayo nashukuru. Lakini mwaka uliofuata Sara alinionyesha gazeti dogo la Idara ya Welfea, lenye picha ya mstari wetu. Mama mkwe yumo, na fimbo yake hewani. Chini yake imeandikwa kwamba wanawake wa Singida, waliokuwa hawajui mazoezi, wameanza kuyafanya hata majumbani kwa mafunzo ya ukumbi, na kwamba mmoja wao aliyekuwa kilema amepona kwa drili, yaani mazoezi ya filimbi.

Nilimsomea mama mkwe neno kwa neno. Aliiomba picha, akajitazama kwa muda mrefu.

"Hapa wameniandika jina?"

"Hapana, mama."

"Basi liandike."

Nikamwekea kalamu mkononi, nikaushika mkono wake, nikamwambia tutaanza na herufi ya kwanza. Akautoa mkono wangu. "Niachie," akasema. "Unaniharibia mstari."